Siku Bibi Alipokataa Basi

Jumamosi iliyopita nilikuwa Blaine, kitongoji kimoja cha huku ughaibuni, nyumbani kwa mama mmoja wa Mombasa ambaye huwakusanya watu wa pwani sebuleni kwake. Tunakula mahamri na mbaazi, tunaisema baridi, watoto wanacheza chini na kutujibu kwa Kiingereza kila tunapowaita kwa Kiswahili, kisha kila mtu anatafuta wa kumpa lifti. Blaine bila gari ni sawa na kisiwa bila chombo. Siku hiyo mwenyeji wetu alikuwa anamimina chai bila kusema karibu. Tulipomuuliza ana nini, akasema darasa lake la Kiingereza limefungwa.

"Wamenipigia simu jana. Wasema wanafunzi ni wachache, mwalimu hawezi kuja kwa ajili ya watu kidogo hivyo."

"Si u-drive uende kule Saint Paul?" mmoja akamwambia.

"Ni-drive nini, mgongo wako? Gari ni moja, na baba watoto analo kazini Eden Prairie mpaka usiku."

Watu wakaguna. Kisha, kwa kuwa hakuna anayependa sebule iliyonuna, mgeni mmoja akanipiga paja na kusema, "Hebu msafiri, tupe kile kisa chako cha Japani tucheke." Na wengine wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, maana wanakijua.

Hicho kisa nimekisimulia Dubai kwenye chumba cha wafanyakazi, nimekisimulia Muskati, nimekisimulia Ohio nilipokuwa nikipakia maboksi, na hapa Bloomington nakisimulia tunaposafisha magari ya kukodi karibu na uwanja wa ndege. Najua mahali pa kunyamaza na mahali pa kupandisha sauti. Lakini Jumamosi ile nilihisi hasira ikinipanda kutoka miguuni. Wanafunzi ni wachache. Maneno hayohayo, kwa lugha nyingine. Nikasema sina hamu, nikavaa koti, nikaenda kukaa barazani kwenye baridi mpaka mwenye lifti yangu alipotoka.

Sasa wewe rafiki yangu nitakusimulia, lakini nitakusimulia chote, pamoja na kile kipande ambacho watu hawakingojei kwa kuwa wameshacheka wakashiba.

Baba yangu alikuwa mnunuzi wa magari. Unayajua yale magari ya mitumba ya Japani yaliyojaa Mombasa. Kabla hayajafika bandarini kuna mtu kule aliyeyakusanya, akayatazama injini, akayapanga uwanjani, akayasukuma melini. Mtu huyo alikuwa baba. Mama yangu alikuwa ameachika zamani na kuolewa Malindi, nami nililelewa na bibi, mama yake baba. Baba alipopata uwanja wa kukodi kwa bei ya chini huko kwenye bonde la milima, akatuita sote wawili, bibi na mimi, tukaishi naye. Nilikuwa sijatimiza miaka saba.

Lile bonde ukilitazama leo kwenye simu ni kijani tupu. Lakini mimi nalijua kwa pua. Nalijua kwa harufu ya mafuta ya taa, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na jiko la mafuta ya taa katikati na birika juu yake, na nguo zako, kitabu chako na nywele zako zote zilinukia hivyo mpaka majira yageuke. Nalijua kwa matunda ya rangi ya chungwa yaliyomenywa na kutungwa kwenye kamba chini ya paa, yakakauka taratibu mpaka yakawa kama tende. Bibi alipoyaonja mara ya kwanza alifumba macho akasema kumbe hawa nao wana tende, basi si watu wa kuogopwa. Nalijua pia kwa kengele ya pale reli ilipokata barabara, kan-kan-kan-kan, na behewa moja tu la treni likipita na abiria wawili au watatu, wote wazee, wote wamelala.

Bibi hakujifunza lugha yao, lakini alizungumza na kila mtu. Alikuwa na maneno mawili ya kwao aliyoyapenda. La kwanza ni hai, ambalo kwao maana yake ni naam. Bibi alisema watu gani hawa wazuri, ukiwaita tu wanakujibu kuwa wako hai. La pili ni nani, ambalo kwao maana yake ni nini. Mwenye duka alipoona bibi anaonyesha kitu kwenye rafu alimuuliza, "Nani?" na bibi, kwa adabu yake, akamjibu jina lake na jina la babake. Siku ya pili vilevile, siku ya tatu vilevile. Mwenye duka akaamini kwamba jina la bibi ndilo jina la unga wa ngano kwa lugha yetu, na mpaka tunaondoka pale unga uliitwa hivyo.

Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kusafisha magari ya baba kwa ndani. Niliingia na ndoo na tambara, nikachokora chini ya viti. Mtu akiuza gari anasahau maisha yake humo. Nilipata peremende, kitana, picha ya mbwa, tiketi za basi, soksi ya mtoto, ramani. Ramani ndizo nilizozipenda kuliko vyote. Nilizifungua juu ya boneti nikamuuliza baba, hapa wapi, na hapa wapi, mpaka akanifukuza. Na magari yale, sikiliza vizuri, hata moja halikuruhusiwa kuingia barabarani. Yalikuwa yameshafutwa kwenye usajili, namba zimeng'olewa, yanangoja meli. Tulikuwa na uwanja uliojaa magari, na tulikwenda kila mahali kwa miguu, kwa treni na kwa basi kama watu wasio na hata baiskeli.

Shule yetu ilikuwa nyuma ya kituo cha treni. Ilijengwa kwa mbao, ndefu, yenye madarasa mengi, na wanafunzi tulikuwa watatu. Mimi, na ndugu wawili ambao baba yao alikata miti. Mwalimu alikuwa mmoja, mwanamke mrefu aliyevaa viatu vya mpira, na mpishi alikuwa mmoja, na mpishi huyo alipojua sili nguruwe alianza kunipikia samaki peke yangu kwenye kikaango kidogo alichokinunua kwa ajili yangu. Niliyaona hayo kuwa ya kawaida. Nilidhani kila mtoto duniani ana kikaango chake shuleni. Nilifagia ukumbi kwa zamu na wale wawili, tukasukuma matambara ya maji sakafuni tukishindana mbio kwa kupiga magoti, na mwalimu akatuandikia ubaoni majina ya wanyama, ya miti, ya pepo za mlimani. Nilipenda shule, rafiki yangu. Watu wakisikia niliacha mapema hudhani nilikuwa mtoro. Mimi nilikuwa nikifika kabla ya mwalimu.

Mwaka wa tatu wakaja watu wenye tai kutoka ofisi za mjini. Walivua viatu mlangoni, wakatupa kila mtoto kalamu, wakakaa na wazazi ukumbini. Baba alirudi akasema shule inafungwa mwisho wa muhula. Bibi akauliza imeanguka? Baba akasema haijaanguka, watoto ni wachache.

"Wachache ndio hawasomi?" bibi akasema.

Familia ya mkata miti ikahamia mjini. Sisi hatukuweza kuhama kwa sababu ya uwanja. Shule ya mjini ilikuwa mbali, na hakukuwa na treni ya asubuhi ya kunifikisha kwa wakati. Na sheria yao haikuwalazimu kumsomesha mtoto wa mgeni. Mgeni huomba nafasi, nao wakiwa nayo humpa. Mwalimu wangu akapiga simu huku na huku mpaka akapata shule moja katika bonde jingine, upande wa pili wa milima. Huko nako watoto walikuwa wakiisha, lakini kijiji kile kilikataa shule yake ife. Wazee wa pale walikuwa wakichukua watoto wa watu kutoka mbali, wanakaa nao majumbani mwao kama wajukuu, ili shule ipate wanafunzi. Kulikuwa na mzee mmoja na mkewe waliokuwa tayari kuchukua mtoto mmoja wa kike. Wakasema mtoto aje siku fulani na mlezi wake, watuone, tuwaone, na mwalimu mkuu amwandikishe jioni ileile. Wangetungoja kituoni, basi la mchana likifika. Nafasi ilikuwa hiyo moja.

Siku hiyo meli ya baba ilikuwa inapakiwa. Kwa hiyo nilikwenda na bibi.

Tuliondoka alfajiri. Bibi alikuwa amefunga chapati, mayai ya kuchemsha, na chupa ya chai ya tangawizi, na juu ya baibui lake alivaa koti la baba lililomfika magotini. Mkoba wangu wa shule ulikuwa mgongoni, daftari jipya ndani. Tulipanda lile behewa moja kwa mlango wa nyuma, tukachomoa kikaratasi chenye namba kama ilivyo desturi, tukakaa kwenye viti vyenye mito iliyoshonwa na wanawake wa kijiji. Dereva alikuwa na glavu nyeupe. Kila tulipofika kwenye taa ya reli alinyoosha kidole akaiambia taa maneno fulani peke yake, kwa sauti, kwa heshima, kisha akashusha mkono. Ndivyo walivyofundishwa ili wasipitiwe na usingizi. Bibi alimtazama kwa muda mrefu.

"Anasoma nyiradi," akaninong'oneza. "Tumo kwenye mikono ya mchamungu."

Akatoa tasbihi naye akaanza zake. Wakaenda hivyo wote wawili, bonde baada ya bonde, yule akiinua kidole na huyu akisukuma punje.

Mbele tulibadilisha treni kwenye kituo kisicho na mtu, tukangoja sana. Theluji ilikuwa imebaki kwenye vivuli tu, na maji yake yalisikika kila mahali chini ya mawe. Tulikula mayai. Mwanamke aliyekuwa akipalilia karibu na reli alikuja akampa bibi tonge la wali lililofungwa kwa mwani mweusi, akamshika mkono, akaugeuza kutazama kiganja na upande wa juu, akaugeuza tena. Bibi akamwacha. Miaka ile mitatu alikuwa ameshikwa mikono na nusu ya bonde, ameguswa shavu na watoto, ametazamwa sokoni mpaka watu wakagongana. Hakuwahi kusema neno baya. Alisema tu usiku, akipaka mafuta miguu, kwamba siku moja angependa kupita mahali asitazamwe. Nataka uyakumbuke hayo unapofika kwenye kicheko.

Treni ya pili ikatushusha, basi likatupandisha mlimani mpaka mwisho wa njia yake. Hapo palikuwa na kibanda cha mbao, choo, mashine ya kuuza vinywaji vya moto, na basi dogo lililokuwa likingoja saa yake ili litupeleke upande wa pili. Lilikuwa ndilo basi la mchana. Baada yake hakukuwa na jingine la kwenda kule mpaka kesho. Dereva wake, mzee mwenye kofia na meno ya dhahabu, alikuwa akila chakula chake garini. Akatuinamia, nasi tukamwinamia.

Muda wa Adhuhuri ulikuwa umeingia. Bibi akasikia kijito kinalia ndani ya miti, akaniambia nikae na mizigo, akachukua leso yake akaenda kutawadha. Mimi nikawa natazama mashine ya vinywaji, nayasoma maandishi yake yote, kwa kuwa sijawahi kuacha kusoma kitu chochote chenye maandishi. Yule dereva akamaliza kula, akatoka, akatazama kushoto na kulia.

"Bibi yako yuko wapi?" akaniuliza kwa lugha yao.

Nikaonyesha miti.

Alibadilika rangi. Akachukua sufuria na kijiko cha chuma kutoka chini ya kiti chake, akakimbia kuelekea msituni akipiga sufuria na kupaza sauti neno moja, tena na tena.

Sasa ndugu yangu, neno lenyewe siwezi kuliandika. Ni jina la mnyama. Ni yule mnyama mkubwa mweusi wa milimani, anayelala majira yote ya baridi na kuamka na njaa theluji inapoyeyuka, ambaye mimi wakati ule nilimjua kwa jina la Kijapani tu, lile mwalimu alilotuandikia ubaoni. Hilo jina lao kwetu sisi ni tusi. Na si tusi la watoto. Ni lile la kumtukania mtu mamake, ambalo likitamkwa mtaani kwetu watu wazima hushikana mashati. Nililijifunza shuleni nikaliacha shuleni. Hata nilipomsomea bibi orodha ya wanyama, hilo nililiruka.

Bibi alikuwa amesujudu. Paji lake liko juu ya leso, na mwanamume mzee anakuja nyuma yake akigonga sufuria na kulitamka lile neno kwa sauti ya kuvunja mlima.

Hakukatiza sala. Hilo watu wakilisikia hucheka zaidi. Alimaliza rakaa zake, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto kulipokuwa na yule mzee bado anapiga kelele, akakunja leso, ndipo akasimama.

"Mtu mzima mzima! Na mvi zako! Wanitukana mbele ya mjukuu wangu? Nikiwa nasali?"

Nilikuwa nimeshafika mbio. "Bibi, hakutukani."

"Basi amesema nini? Wewe si wajua maneno yao?"

"Asema kuna mnyama."

"Mnyama ni yeye!"

"Bibi, ndilo jina lake. Ni jina la mnyama."

"Mnyama gani aitwa hivyo? Mungu hajaumba kiumbe akampa jina hilo!"

Ningesema dubu, mambo yangekwisha. Lakini mtoto wa Mombasa aliyeondoka hajui kusoma, dubu angemjulia wapi? Sikuwa na neno la Kiswahili, na la Kijapani lilikuwa lile lile haramu. Yule mzee, maskini, akaona hatuelewani akaamua kusaidia. Akalitamka taratibu, kwa herufi moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto. Akatoa kucha, akanguruma. Akainyooshea miti kidole, akamnyooshea bibi. Mwishowe akamwongoza mpaka kando ya barabara penye bango la onyo, akaligonga kwa kijiko. Mvua ilikuwa imelila lile bango, imebaki picha nyeusi tupu imesimama kwa miguu miwili, na chini yake lile neno. Akagonga picha, akamtazama bibi, akasema neno.

Bibi akaitazama ile picha kutoka miguuni mpaka kichwani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe na picha yangu wameichora."

Watu wote huangua kicheko hapo. Hata mimi nilijifunza kuvuta pumzi ili wacheke vizuri. Lakini nilikuwepo, nilimwona uso. Mikono yote ile iliyomgeuza viganja, macho yote ya sokoni, yalikuja yakakusanyika kwenye lile bango. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa amekubali kwamba ndivyo wanavyomwona.

Saa ya basi ikafika. Bibi akakaa kibandani akaupa mgongo mlango. Nilimvuta koti. Nilimwambia bibi, shule, wanatungoja. Akasema hapandi gari la mtu aliyemtukania mamake, na hata mimi nisingepanda kama nina damu. Dereva akavua kofia akainama. Akainama tena, chini zaidi. Akatazama saa yake, akaita kwa redio, akangoja zaidi ya muda wake, jambo ambalo kwa dereva wa kwao ni kama kula mchana wa Ramadhani. Kwenye vituo vya mbele kulikuwa na watu. Mwishowe akaweka machungwa mawili kwenye benchi, akaingia, akaondoka. Nililisikia lile basi likipanda mpaka sauti yake ikamezwa na maji.

Tulirudi tulikotoka. Basi, treni, kungoja, treni. Bibi hakusoma nyiradi. Mkoba wangu niliupakata.

Baba alipotufungulia mlango alidhani tunarudi na habari njema. Bibi akamweleza yote, kwa uchungu, na alipofika kwenye neno akalitamka kwa kuzunguka. Baba akamtazama, akanitazama mimi, akaketi sakafuni akacheka mpaka machozi. Akasema, "Mama, ni dubu! Dubu, mama! Alitaka usiliwe!" Bibi alisimama pale na koti lake. Nilimwona akielewa. Hakucheka, wala hakujitetea. Aliuliza neno moja tu.

"Na shule?"

Baba akaacha kucheka.

Asubuhi baba alipiga simu. Nilisimama karibu yake, nikasikia upande wa pili mwalimu mkuu akivuta hewa kwenye meno, sss, kama mtu aliyeunguzwa na chai, kisha akasema lile neno lao la "kidogo". Kidogo, basi, hamalizii. Anayejua Kijapani anajua hapo mlango umefungwa. Mzee na mkewe walikuwa wamesimama kituoni, basi lilifika bila sisi, wakafahamu kwamba hatukutaka. Kwao kutokuja ni jibu. Na mchana uleule walikuja wazazi wengine kutoka mjini na binti yao. Walikuja kwa gari lao.

"Kwa gari," bibi akasema, akitazama nje kwenye uwanja uliojaa magari.

Baba alisema mwaka ujao tutaona. Kesho yake nilipoamka bibi hayupo. Alikuwa amekwenda peke yake. Mwanamke wa Mombasa asiyejua kusoma hata herufi moja ya kwao, mwenye maneno mawili ya lugha yao, alipanda treni mbili na mabasi mawili akavuka milima. Huko mlimani, nilivyosikia baadaye, alimshika yule dereva mikono yote miwili mbele ya abiria akambusu kiganja. Na shuleni aliingia mpaka kwa mwalimu mkuu, akavua viatu, akaketi, akaweka mezani daftari langu la zamani lililojaa maandishi yangu, ukurasa mmoja baada ya mwingine, ili wayaone.

Alirudi giza limeingia na mfuko wa mchele mabegani, na boksi la matunda makavu, na kitambaa kipya, na chupa za dawa za miguu. Walikuwa wamempa chai, wamempa chakula, wamemsindikiza kijiji kizima mpaka kituoni, yule mke wa mzee akilia. Baba akauliza, je? Bibi akautua mchele.

"Heshima zote wamenipa. Nafasi hawakunipa."

Muhula ukaanza. Miti ya maua ikachanua kote bondeni, treni ikapita tupu, nami nikawa nasafisha magari tangu asubuhi. Nilijisomea vitabu vya maelekezo ya magari, kurasa za breki na za mikanda, na zile ramani. Ndiyo shule niliyopata. Mwaka uliofuata walisema tena kidogo, basi. Tuliporudi Mombasa nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilijua kuandika kwa herufi ambazo mwalimu mkuu wa kwetu aliziita michoro. Akaniweka darasa la kwanza. Magoti hayakuingia chini ya dawati, nikakaa upande upande, na watoto wa miaka sita wakaniita shangazi. Nilistahimili kwa muda. Kisha nikaondoka, na tangu hapo sijakaa mahali.

Kwa hiyo wanaponiambia nilikosa shule kwa sababu bibi alikasirika, damu inanichemka. Kukasirika kwake kulikuwa kwa mchana mmoja, na aliurekebisha kwa miguu yake mwenyewe keshokutwa yake. Mtu atukanwe, akasirike, aelezwe, apoe, ndivyo watu walivyo. Nani aliyepanga kwamba mtoto asome au asisome kwa basi moja linalopita mara moja? Si yule dereva aliyevua kofia. Ni wale wa tai, waliotupa kalamu na kuchukua shule. Nao hakuna anayewasimulia tukacheka.

Bibi amekufa, Mungu amrehemu. Baba naye. Nilipokuwa Dubai nilipiga simu kule bondeni kumuulizia mwalimu wangu wa viatu vya mpira, nikajibiwa kwa upole mwingi kwamba kijiji cha jina hilo hakipo, kimeunganishwa na mji. Treni iliondolewa kwa kuwa abiria ni wachache. Duka lilifungwa kwa kuwa wateja ni wachache. Sijui kikaango changu kilikwenda wapi. Nikikitazama kijani kile kwenye simu, nikikivuta kwa vidole mpaka paa la shule litokeze, natamani nimpate hata mmoja wa wale wa tai nimuulize walidhani uchache unatibiwa kwa kupunguza.

Siku ya mwisho ya ile shule ya mbao, mwalimu alifuta ubao mara mbili ingawa ulikuwa safi. Tulipewa maua. Watu wa tai walihutubia kuhusu hesabu, na watatu si hesabu ya shule. Nami, kwa kuwa hakuna aliyenieleza vizuri kwamba mwisho ni mwisho, nilirudi nyumbani usiku ule nikachonga penseli, nikapanga mkoba wa kesho.